Abu Rayhan Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyekipima Kivuli

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym

Himdi zote ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rehma na amani zimfikie Rasuli Wake (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.



Tumepokea suala kutoka kwa mama mmoja wa Pemba. Mwanawe wa kiume ameajiriwa kufundisha hisabati katika skuli moja ya sekondari huko Lupembe, mkoa wa Njombe, bara. Ni nchi ya baridi na ukungu, yenye mashamba ya chai, na Waislamu wake ni wachache. Kijana alipoondoka nyumbani alichukua kalenda ya nyakati za Swalah iliyochapishwa kwa ajili ya visiwani, akaibandika ukutani, na kwa miezi kadhaa amekuwa akiswali na kufungua Swawm zake za Sunnah kwa kalenda hiyo. Mama anauliza: je, ibada zake zimesihi?

Mwisho wa suala lake mama akaongeza jambo jengine. Kijana humwambia kuwa wanafunzi wake wamechoka na somo linaloitwa kanuni ya mnyororo, nao wanamuuliza kila siku lina faida gani, naye hana la kuwajibu.

Masuala haya mawili tumeona yana jibu moja, nalo limo katika maisha ya mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki takriban miaka elfu moja iliyopita. Tutayasimulia maisha yake kwanza, kisha tutarudi Lupembe Insha Allaah.

Kuzaliwa kwake na mwalimu wake

Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni. Alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijjah mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973 Miladia, nje kidogo ya mji wa Kath katika nchi ya Khawarizm. Nchi hiyo iko Asia ya Kati, kusini ya bahari ya Aral, na sehemu yake kubwa leo imo Uzbekistan. Inasemwa kuwa hilo jina la Al-Biruni limetokana na neno la Kifarsi lenye maana ya nje, kwa vile alikuwa mtu wa nje ya mji.

Hakuwa mtoto wa ukoo wenye jina. Kilichomnyanyua ni elimu, na mlango wa elimu alifunguliwa na Abu Nasr Mansur, mtu wa nyumba ya watawala wa Kath aliyekuwa bingwa wa hisabati na elimu ya nyota. Mwalimu huyu alimfunza hesabu za pembe na za duara, nazo ndizo zinazotumika kuujua upande wa Qiblah. Al-Biruni hakumsahau mwalimu wake mpaka mwisho wa umri, na vitabu kadhaa vya mwalimu viliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi huyu. Hayo ndiyo mapenzi baina ya mwalimu na mwanafunzi tunayoyakosa leo.

Kupatwa kwa mwezi na tofauti ya saa

Mwaka 997, akiwa na umri wa miaka 23, alifanya jambo ambalo linaligusa moja kwa moja suala la mama yetu. Alijua kuwa usiku wa tarehe 24 Mei mwezi utapatwa. Akaagana na mwanachuoni mwengine, Abu Al-Wafa Al-Buzjani, aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja autazame mwezi akiwa kwake na aandike saa ya tukio kwa hesabu ya mji wake.

Mwezi unapopatwa, wote wanaouona huuona kwa wakati mmoja. Lakini saa za jua za Kath na za Baghdad hazikuwa sawa. Tofauti yao ilikuwa takriban saa moja, na kutokana na tofauti hiyo wakaujua umbali wa mashariki na magharibi baina ya miji miwili. Ardhi huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila uzi mmoja wa longitudo ni dakika 4 za saa.

Tuliweke hili akilini: ukenda magharibi, jua linakuchelewa kwa dakika 4 kila uzi. Tutalihitaji tutakapofika Lupembe.

Miaka ya kuhama na kutekwa

Utulivu haukudumu. Karibu na mwaka 995 vita vilikwishazuka Khawarizm baina ya watawala wawili, nyumba iliyokuwa ikimlea ikaangushwa, na kijana akalazimika kukimbia. Alipita Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa hana mlinzi wala fedha. Baadaye alipokewa na Amiri Qabus wa Jurjan, kusini mashariki ya bahari ya Kaspi, na karibu na mwaka 1000 akamtungia kitabu mashuhuri kuhusu kalenda na sikukuu za mataifa ya kale. Kisha akarejea kwao na kuwatumikia watawala wapya wa Khawarizm.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khawarizm na kuwachukua wanavyuoni wake, Al-Biruni akiwemo. Alipelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo, akiwa na umri wa takriban miaka 44. Kuanzia hapo aliishi chini ya mfalme ambaye hakuchagua kumtumikia. Mtu mwengine angevunjika moyo. Yeye aliitazama nchi mpya akajiuliza: hapa Qiblah kiko wapi hasa? Kutokana na suala hilo ukatoka mwaka 1025 utungo wake mkubwa kuhusu mipaka ya miji na masafa baina yake.

Jambo hili ni la kuzingatiwa. Kazi kubwa ya elimu ya jiografia ilitungwa na mtu ambaye miongoni mwa malengo yake ya mwanzo ni kuelekea Makkah kwa usahihi akiwa katika mji wa ugenini.

Mlima wa Nandana

Majeshi ya Ghazna yalipoingia India, Al-Biruni alikwenda pia. Katika ngome ya Nandana, iliyoko Punjab katika Pakistan ya leo, aliona mlima uliosimama mbele ya uwanda mpana ulio sawa. Akaitumia fursa hiyo kuupima ukubwa wa dunia bila ya kutembea jangwani kama walivyofanya waliomtangulia zama za Khalifa Al-Ma'mun.

Njia yake ilikuwa na hatua mbili. Kwanza, akiwa chini, alipima pembe za kilele kutoka sehemu mbili, akapata urefu wa mlima. Pili, alipanda juu akapima ni kiasi gani ukingo wa upeo wa macho umeinama chini ya usawa wa jicho. Akapata dakika 34 za pembe, ambayo ni kiasi kidogo kuliko uzi mmoja. Kutokana na urefu na pembe hiyo akapata nusu kipenyo cha dunia, na jawabu lake linakaribia lile linalojulikana leo.

Hapa ndipo tunapoikuta ile kanuni ya mnyororo. Jawabu la Al-Biruni lilitegemea pembe, na pembe ilitegemea mkono wake juu ya chombo. Mkono ukikosea kidogo, jawabu litakosea kwa kiasi gani? Katika hesabu hii ukubwa wa dunia unafuata mraba wa pembe, kinyume chake. Kwa hiyo kosa la asilimia 1 katika pembe linakuwa kosa la asilimia 2 katika jawabu. Angesoma dakika 35 badala ya 34, nusu kipenyo cha dunia kingepungua kwa zaidi ya kilomita 350. Kosa hilo lingetokana na dakika moja tu ya pembe. Kwa ajili hiyo vyombo vyake vilikuwa vikubwa na vya uangalifu, na alikuwa mkali kwa wanaopima kwa kubabia.

Kitabu cha vivuli

Katika tungo zake ipo moja inayohusu vivuli peke yake. Ndani yake alikusanya lugha, hisabati na fiqhi pamoja, kwa sababu nyakati za Adhuhuri na Alasiri zinajulikana kwa kivuli. Suratul-Furqaan imetuelekeza tukitazame kivuli namna Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Anavyokirefusha na kulifanya jua kuwa dalili yake. Na Suratun-Nisaa imetufahamisha kuwa Swalah ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Al-Biruni alizifanyia kazi aya kama hizi kwa fimbo, kamba na hesabu.

Natuichukue fimbo ya mita 1, tuisimamishe kwenye uwanja ulio sawa huko Lupembe siku ambayo jua linapita juu ya utosi. Siku hizo huwa mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Kwetu Unguja na Pemba huwa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hiyo adhuhuri kivuli kinatoweka kabisa, kisha kinaanza kuzaliwa upande wa mashariki.

Je, kivuli kinakua kwa kasi gani? Huwezi kujibu kwa hatua moja, kwa sababu kivuli hakiijui saa. Kivuli kinalijua jua tu, na jua ndilo linalokwenda na saa. Kwa hiyo tunapita kwenye pete mbili za mnyororo.

Pete ya kwanza: jua linainama kwa kiasi gani kila dakika? Siku hiyo huinama takriban uzi 1 kila dakika 4.

Pete ya pili: kivuli kinarefuka kwa kiasi gani kila jua likiinama uzi 1? Hapa jawabu linabadilika. Mara tu baada ya adhuhuri ni kama sentimita 1.7. Kivuli kinapolingana na fimbo ni sentimita 3.5, na kinapofika mara mbili ya fimbo ni sentimita 8.7.

Sasa unganisha pete mbili kwa kuzidisha: sentimita kwa kila uzi, mara nyuzi kwa kila dakika. Unapata sentimita kwa kila dakika. Baada ya adhuhuri kivuli kinakua kama sentimita 0.4 kwa dakika. Kinapofikia urefu wa fimbo, na huo ndio wakati wa Alasiri kwa jamhuri ya wanavyuoni wakiwemo Mashafi'i, kinakua karibu sentimita 0.9 kwa dakika. Kinapofika mara mbili, ambao ndio wakati mashuhuri kwa Imaam Abu Haniyfah, kinakua zaidi kidogo ya sentimita 2 kwa dakika.

Hiyo ndiyo kanuni ya mnyororo yote. Jambo moja likitegemea la pili, na la pili likitegemea la tatu, kasi ya la kwanza kwa la tatu hupatikana kwa kuzidisha kasi mbili za katikati. Na faida yake ni hii: anayekosea sentimita 1 wakati wa Alasiri amekosea takriban dakika 1, lakini anayekosea sentimita hiyo hiyo karibu na adhuhuri amekosea zaidi ya dakika 2. Kwa hiyo zawali inataka tahadhari zaidi kuliko Alasiri. Na katika siku ambazo jua halipiti utosini, kivuli cha adhuhuri hakitoweki, bali hukaa karibu kusimama, na ugumu unazidi. Siku hizo pia kile kivuli cha zawali hakihesabiwi katika kivuli cha Alasiri.

Ndani ya kitabu hicho kimetajwa kisa cha mtu aliyekuwa na jukumu la nyakati msikitini. Alionyeshwa chombo cha kujulia wakati wa Swalah, akakikataa kwa sababu kilichorwa miezi ya Kirumi, akaona kukitumia ni kujifananisha na makafiri. Al-Biruni alimkumbusha kuwa Warumi nao wanakula chakula na wanatembea masokoni, basi na hayo nayo ayawache. Ukali huo ulikuwa wa mtu anayeona Swalah za watu zikichezewa kwa sababu ya ujinga uliovaa nguo ya dini.

Uadilifu wake na zuhdi yake

Akiwa India alijifunza lugha ya Kisanskriti akiwa mtu mzima, akasoma vitabu vya Wahindu na mabingwa wao, na karibu na mwaka 1030 akamaliza kitabu kikubwa kuhusu nchi hiyo. Hakukubaliana na itikadi zao, lakini aliziandika kama wenyewe wanavyozisema, bila ya kuwazulia. Huu ni uadilifu aliotuamrisha Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) hata kwa tusiokubaliana nao.

Baada ya Mahmud kufariki mwaka 1030, Al-Biruni alimtungia mwanawe, Sultani Mas'ud, kitabu chake kikuu cha elimu ya falaki. Ndani yake alichunguza mwendo wa jua usiolingana mwaka mzima, akaeleza ni wapi linaonekana kwenda polepole zaidi na wapi linaharakisha. Imesimuliwa kuwa Sultani alimtunza mzigo wa tembo mmoja wa fedha, naye akaurejesha hazina akieleza kuwa hana haja nao.

Ni lazima tuwe wakweli hapa. Zipo makala zinazosambazwa katika simu zinazodai kuwa Waislamu waliivumbua kalkulasi yote. Al-Biruni hakuiandika kanuni ya mnyororo kwa alama anazozifundisha kijana wetu. Alama hizo zilitoka Ulaya katika karne ya 17, mikononi mwa Leibniz, na Newton alikuwa na njia yake. Alichokuwa nacho Al-Biruni ni suala lenyewe: badiliko linalopita katika badiliko jengine, na kosa dogo linalokua njiani. Kumpa mtu sifa isiyokuwa yake ni uongo, na yeye hana haja ya uongo wetu.

Saa yake ya mwisho

Al-Biruni alifariki Ghazna, kwa kauli iliyo mashuhuri, mwaka 440 Hijria, sawa na 1048. Ameacha vitabu na risala zaidi ya 100, na vingi vimepotea.

Yaqut Al-Hamawi amepokea kisa cha faqihi aliyeitwa Al-Walwaliji, aliyekwenda kumzuru akiwa katika sakarati, pumzi zinampaa. Al-Biruni akamuuliza kuhusu mas-ala ya mirathi waliyowahi kuzungumza, yanayohusu mabibi wa upande wa mama. Faqihi akamwonea huruma na kushangaa, anataka kujifunza katika hali hii? Al-Biruni akamfahamisha kuwa kuiaga dunia akiwa anaijua mas-ala hiyo ni bora kuliko kuiaga akiwa jahili nayo. Faqihi akamweleza, naye akairudia mpaka akaihifadhi. Alipotoka nje, kabla hajafika mbali, akasikia vilio vya msiba.

Turudi Lupembe

Sasa tumjibu mama yetu. Mji wa Zanzibar uko kwenye longitudo ya nyuzi 39.2 mashariki, na Lupembe iko karibu na 35.2. Tofauti ni kama nyuzi 4, na kila uzi ni dakika 4. Kwa hiyo zawali ya Lupembe inachelewa takriban dakika 16 baada ya ile ya Unguja. Magharibi nayo inachelewa kiasi hicho, ikizidi au kupungua kwa dakika chache kwa kufuata misimu.

Maana yake ni kuwa kijana aliyeswali Adhuhuri mara tu kalenda ya visiwani iliposema imeingia, ameswali jua halijapinduka. Na aliyefungua kwa kalenda hiyo amekula jua bado lipo, ijapokuwa ukungu umelificha.

Kuingia kwa wakati ni sharti ya kusihi Swalah ya faradhi. Swalah alizokuwa akizichelewesha kwa nusu saa au zaidi hazina neno. Zile ambazo ana yakini au dhana yenye nguvu kuwa aliziswali kabla ya wakati, azilipe kwa kadiri awezavyo kukadiria, na hapana dhambi Insha Allaah kwa asiyejua. Swawm za Sunnah hazimlazimu kulipa, lakini lau ingekuwa Ramadhwaan, jamhuri ya wanavyuoni wanaona anayefungua kisha ikambainikia jua halijazama analipa siku hiyo. Tunamnasihi pia amuone Shaykh aliye karibu naye Njombe au Makambako, kwani mwenyeji anayajua mazingira zaidi.

Kuhusu Qiblah, hapa visiwani tunaelekea karibu kaskazini kamili. Lupembe inampasa ageuke kidogo kulia, takriban nyuzi 8 mashariki ya kaskazini. Kaskazini ataipata kwa njia ya kale iliyomo katika kitabu cha vivuli: asimamishe fimbo, achore duara kuizunguka, atie alama pale ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara asubuhi na pale inapotoka jioni, kisha agawe kati kati. Mstari kutoka kwenye fimbo hadi katikati hiyo unakwenda kaskazini na kusini.

Kazi hiyo aifanye pamoja na wanafunzi wake, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, siku ambayo ukungu umeondoka. Wapime kivuli kila dakika 4, waandike, kisha wakokotoe kwa kanuni ya mnyororo na walinganishe. Wakiuliza tena somo hili lina faida gani, awaonyeshe ile fimbo.

Na nyinyi wazazi wa visiwani, msimwambie mtoto wa kike wala wa kiume kwamba hisabati ni elimu ya dunia isiyokuwa na thawabu. Mwenye kuitafuta kwa niya ya kuhifadhi Swalah za watu yumo katika ibada. Tunamuomba Allaah Amrehemu Abu Rayhan, Amsamehe mapungufu yake, na Awajaalie watoto wetu wapende elimu mpaka pumzi ya mwisho.

Wa Allaahu A'lam.